Daktari Mwenye Mkia

Mume wangu Ngumbao ana akili nyingi. Ndiyo maana alitega waya kwenye mahindi yetu hapa Kakuyuni, na nyani aliponasa, akamkimbilia na panga ili ammalize. Nyani akavuta, waya ukakatika, akatoroka na kipande kimemkaza mguuni. Panga, kwa kumkosa nyani, likampata Ngumbao kwenye mguu wake mwenyewe.

"Twende zahanati," nikamwambia.

Angekwenda, maana damu haikuwa ya mchezo. Lakini jioni hiyo mtaalamu mmoja akazungumza redioni kuhusu wanyama wa porini wanavyojitibu. Sokwe akisumbuliwa na minyoo, alisema, huchuma majani ya kukwaruza na kuyameza mazima bila kuyatafuna. Minyoo niliisikia kwa masikio yangu mawili. Ngumbao alisikia kwamba zahanati ni za watu wasio na msitu karibu.

"Mama Kadii, ushawahi kumuona nyani kwenye foleni ya zahanati?"

"Sijawahi. Wala sijawahi kumuona aliyejikata na panga lake."

Kesho yake akawa na daktari. Nyani yule yule aliyemtega alikuwa akichechemea ukingoni mwa shamba, anachuma jani hapa, anatafuna, analamba kidonda. Ngumbao akawa anamfuata nyuma na gongo, anachuma jani lile lile, anatafuna, anatemea kidonda, kisha anakifunga kwa kipande cha leso yangu mpya, maana ya zamani haikulingana na hadhi yake. Nilimuuliza kama huyo Daktari mwenyewe ameshapona. Akanijibu kwamba miti shamba hufanya kazi polepole.

Ilikuwa polepole kweli. Siku ya sita mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na chumba kizima kinanuka. Nikaacha mzaha, maana niliogopa. Nina watoto watatu, na huyu mwenye ndevu ni wa nne, na nampenda, Mungu anisamehe. Nilimlilia twende. Akasema, "Subiri, Daktari hajamaliza."

Siku ya nane likaja gari la watu wa wanyamapori kutoka Malindi. Jirani alikuwa amewapigia simu juu ya nyani mwenye waya. Wakampiga nyani sindano ya usingizi kwa bunduki, kisha mwanamke kijana aitwaye Linet, daktari wa wanyama, akaukata waya, akaosha usaha na kumdunga dawa. Daktari wa mume wangu alikuwa amelala chali kwenye mahindi yetu, mdomo wazi, anatibiwa na daktari.

Ngumbao alisimama na gongo lake akitazama.

Linet alipokuwa akivua glavu akauona mguu wake. "Baba, hiki kidonda kina siku ngapi?"

"Nane."

"Sawa na cha nyani."

"Tulianza pamoja," akasema Ngumbao.

Linet hakucheka. Alimpakia nyuma ya gari lile lile, mimi nimemshika kichwa, hadi hospitali Malindi. Huko wakatuambia kwamba siku ya kwanza ingekuwa nyuzi saba na sindano moja. Siku ya nane ilikuwa msumeno. Wakamkata mguu chini ya goti, nami nikalia pale kwenye veranda mbele za watu bila kuona haya.

Jana asubuhi nyani alirudi. Ana kovu mguuni, basi. Aliketi katikati ya shamba, akavunja hindi, akalimenya taratibu. Ngumbao alikuwa mlangoni, magongo yake mawili yameegemea ukuta.

"Mama Kadii," akasema kwa sauti ndogo, "nifukuzie."

Jibu lilikuwa limeshanifika ulimini: subiri, Daktari hajamaliza. Nikautazama ule mguu wake uliobaki. Nikalimeza lile jibu zima, bila kulitafuna, nikaenda kuokota jiwe.