Watu Arobaini wa Mzee Kasian

Kwenye ripoti ya kwenda dayosisi waliobatizwa walikuwa tisa. Pale uwanja wa ndege wa Dubai, wakisubiri mabegi, Mzee Kasian alimsimulia mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa akifagia, wakawa ishirini na ushei. Jumatano, sebuleni kwa Paskazia mtaa wa Al Qusais, wakafika arobaini. Na mkewe Auleria, aliyekuwa jikoni akimenya viazi, akakimenya kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

"Arobaini kamili," sauti ya mzee ilitoka sebuleni. "Wazee kwa vijana. Baridi ile, lakini Roho ana moto wake."

Watu hao hawakuwahi kuwapo. Auleria alilijua hilo kwa sababu miaka yote mitatu ya umisionari wa mumewe huko Ufini, kaskazini kabisa, ambako jua la Desemba haliamki hata kwa kuitwa, alikuwa naye, wamelala kitanda kimoja na soksi mbilimbili. Wangekuwapo watu arobaini, chai yao angeipika nani kama si yeye?

Na hata kwenda kwenyewe kulikuwa kichekesho. Kanisa rafiki la huko lilipoomba wamisionari, askofu aliwachagua wao wawili, wazee wastaafu, kwa sababu ni watu wa Njombe na Njombe kuna baridi. "Nyie mmezoea," akawaambia. Ni sawa na mtu aliyezoea paka wa jirani kupewa simba afuge. Lakini Kasian alikuwa mwinjilisti tangu ujana, hajawahi kukataa kazi ya kanisa. Wakafunga mizigo.

Sasa wako njiani kurudi, wiki moja Dubai kwa Paskazia, mtoto wa dada yake Auleria, na wageni waliokuwa sebuleni hawakuja kunywa chai tu. Mmoja ni Evans, Mkenya wa hamsini na kitu, msimamizi wa walinzi kwenye ghorofa mojawapo la Jumeirah Lake Towers. Mwingine ni mkewe Belinda, anayefanya usafi hotelini Al Barsha. Miaka sita hawa wawili waliishi kama wachumba waliogombana, mume kambi ya wanaume, mke vyumba vya wanawake, wakikutana Ijumaa kanisani. Mwaka jana tu ndio walipata chumba kimoja. Na sasa kanisa la Waswahili la hapo Dubai linataka kuwatuma wao wakachukue nafasi ya Kasian na Auleria. Evans keshaandika barua ya kuacha kazi. Ijumaa watabarikiwa, Jumamosi anaipeleka. Aliyewahi kuishi Ghuba anajua maana yake: visa ikikatwa imekatwa, huwezi kumrudia kafeel, mwajiri anayekudhamini, ukamwambia nilikuwa natania.

Belinda alimfuata Auleria jikoni, akasimama karibu, akashusha sauti.

"Mama, niambie kama mwanamke mwenzangu. Tutaweza kweli?"

Auleria hajafungua mdomo, jibu likatoka sebuleni. "Mtaweza sana, mwanangu. Watu wanawasubiri kule."

Auleria akageukia sufuria. Alifundishwa tangu akiwa mwali kwamba hasira ya mke wa mwinjilisti inaishia kwenye ugali. Siku hiyo Paskazia alikula ugali mgumu hata akauliza kama mama mdogo kaukandia saruji.

Alhamisi asubuhi, Paskazia alipokwenda kazini, Auleria alimkalia mumewe kitako.

"Kasian. Wale arobaini ni akina nani?"

Mzee akaongeza sukari kwenye chai aliyokwisha kuitia sukari. Akaanza mbali. Kwamba kazi ya injili haipimwi kwa macho, kwamba watu wanahitaji kutiwa moyo, kwamba arobaini ni namna ya kusema. Auleria akamwacha azunguke mpaka alipochoka mwenyewe.

"Ningesema nini, mama?" akauliza hatimaye. "Kwamba miaka mitatu nilizoa theluji kwa koleo mlango wa kanisa upate kufunguka, na ukifunguka haingii mtu?"

"Ungesema bibi Helvi."

"Helvi alibatizwa kabla mimi sijazaliwa. Huyo kwenye ripoti namwandika safu gani?"

"Na hawa kina Belinda?"

"Mungu atawatangulia."

"Atangulie akawatafute hao arobaini uliowakosa wewe?"

Kasian akasukuma kikombe kando. Alimwomba jambo moja tu: kesho akiitwa, asalimie, akae, kama siku zote. Maana katika makanisa yao mhubiri akishamaliza, mkewe huitwa kusalimia, naye husema amefurahi kuwaona, baba amemaliza yote, Mungu awabariki. Auleria alikuwa ameyasema hayo miaka thelathini na minane. Mara nyingine baba alikuwa hajamaliza hata robo.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo Jumapili ya Wakristo wote wenye waajiri, walikutana kwenye ukumbi wa kupangiana zamu. Waswahili walikuwa na saa mbili zao, na mlangoni Wafilipino walishaanza kujikusanya na magitaa yao. Mchungaji Justine, ambaye siku nyingine zote huendesha lori la matofali, aliwaketisha Evans na Belinda kiti cha mbele. Evans alivaa suti. Barua ilikuwa mfuko wa kifuani, pembe ya bahasha ikichungulia kama leso ya bwana harusi.

Kasian akapanda. Tusimpunje: mzee alijua kusema. Aliwaonyesha giza la mchana, akawaonyesha pumzi inayoganda kwenye ndevu, watu wakajikunyata kama vile kiyoyozi kimeongezwa. Kisha akawaleta arobaini wake. Akawapanga mstari juu ya ziwa lililoganda. Akatoboa barafu kwa shoka. Akaanza kuwabatiza mmoja mmoja, na kina mama wakapiga vigelegele, na Belinda akawa analia kimyakimya huku ameshika mkono wa mumewe.

Auleria alikuwa anamwangalia Belinda. Ziwa lile alilijua, alifulia hapo mapazia ya kanisa wakati wa kiangazi. Shoka lile alilijua, lilikuwa la Helvi, la kupasulia kuni. Mtu huyu alikuwa ameiba shoka la marehemu akalitia kwenye hadithi, na mwenye shoka akamwacha nje.

"Amina," akasema Justine. "Na mama naye atusalimie."

Auleria akasimama. Akashusha kitenge begani, akakifunga upya kiunoni, kama mtu anayetaka kuinua gunia.

"Nimefurahi kuwaona," akasema. "Baba hajamaliza."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Kasian peke yake hakucheka.

"Hakuna watu arobaini. Hakuna hata wanne. Kanisa lile lina viti mia mbili, na Jumapili nyingi tulikaa mimi, baba na mpiga kinanda. Kwenye ziwa hakubatizwa mtu. Belinda, mwanangu, juzi uliniuliza swali, akanijibia baba. Leo najibu mwenyewe."

Justine akakohoa, akasema mama pengine amechoka na safari. Auleria akamwambia, kwa heshima, baba mchungaji, kaa. Akakaa.

Akawaeleza juu ya Helvi. Bibi wa miaka themanini na sita, akiishi peke yake njia ya kanisani. Asubuhi moja Kasian alipita na koleo lake akaona bomba la juu ya paa la bibi halitoi moshi, na kwenye ngazi hakuna unyayo. Kule, aliwaambia, ni adabu kumwacha mtu na nyumba yake. Jirani alimfanyia ishara aende zake. Lakini huyu ni Mbena wa Njombe. Alisimama pale akabisha hodi, kwa Kiswahili, robo saa nzima, hodi, hodi, mpaka jirani akapigia polisi. Polisi walipofika walimkuta keshavunja dirisha la jikoni na amepiga magoti sakafuni, amemfunika bibi na koti lake. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa hapo chini siku mbili.

"Alipotoka hospitali tulimtunza sisi. Majira mawili ya baridi. Mimi nilimwogesha. Uji wa ulezi aliukataa, akanifundisha wa kwao. Na baba yenu huyu," sasa sauti ikaanza kumtetemeka kwa hasira, si kwa machozi, "baba yenu huyu kila Jumamosi alikuwa anakaa chini anamkata kucha za miguu. Mikono yake mwenyewe imepasuka kwa baridi. Hakumbatiza. Hakumwokoa, bibi alikuwa na Mungu wake zamani. Alipokufa tulikuwa watu watano kaburini, na baba ndiye aliyemlilia kuliko wote. Leo mnamwona kapanda hapa kawaleta watu wasiokuwapo, na aliyekuwapo hakumtaja hata jina. Anaona haya. Mwinjilisti mzima, kucha za bibi."

Akamgeukia.

"Mimi sina hasira kwa sababu umeongopa, Kasian. Nimekuzoea. Nina hasira kwa sababu umemwonea haya Helvi."

Hakusema Mungu awabariki. Alikaa.

Msimamizi wa zamu, Mhindi mpole wa Kerala, akachungulia, akagonga saa yake kwa kidole. Yalla, khalas, haya basi, wenzenu wanangoja. Watu wakafurahi kupata sababu ya kuinuka. Kasian alikuwa ametangulia kutoka, bila koti, bila Biblia.

Evans hakumshukuru mtu. Alisimama mbele ya Auleria akiwa amevimba, suti imembana kwapani.

"Mama, kazini nimeshaaga. Nyumbani nimeshaaga. Sasa mimi nitawaambia nini watu?"

"Waambie mlango una theluji," Auleria akamjibu, kwa ukali uleule, maana haikuwa hasira ya kuzimika kwa sababu mtu mwingine naye ana yake. "Anayetaka kwenda kuuzoa aende. Lakini aende anajua."

Evans akafungua mdomo. Belinda akapitisha mkono kifuani kwake, akachomoa bahasha, akaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Itakaa kwangu," akamwambia mumewe. "Kesho huendi popote. Nataka kwanza kumsikia mzee."

Walimkuta nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, jasho linamtiririka. Juni ya Dubai haimwulizi mtu kama ametoka barafuni. Auleria akasimama hatua tatu mbali naye, akakunja mikono. Kasian hakumtazama.

Belinda akavuta kreti tupu la soda, akaketi mbele yake.

"Baba, niambie huyo Helvi alikuwa mtu wa namna gani."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. Akatazama miguu yake mwenyewe, viatu vile vizito alivyopewa kaskazini.

"Alikuwa mkorofi," akasema. "Kahawa akiipenda kuliko watu. Siku nilipomkuta pale jikoni, siku tatu alikuwa sakafuni..."

"Mbili," akasema Auleria kutoka pale aliposimama.

"Mbili," akasema Kasian. "Siku mbili. Na neno la kwanza aliloniambia, kwa lugha yao, sikulielewa. Baadaye sana ndio nilikuja kujua alikuwa ananigombeza kwa ajili ya dirisha."