Msomaji wa Matumbo

Lomorukai alikuwa na jina Kakuma nzima kwa kusoma matumbo ya mbuzi. Mbuzi akichinjwa, wazee humwachia yeye utumbo, naye husema kama mvua ipo na wezi wa mifugo watapitia wapi. Kwa hiyo saratani ilipomwingia kwenye utumbo wake mwenyewe, karibu kabisa na njia ya haja kubwa, aliona amedharauliwa.

Alikwenda Eldoret akapigwa miale ya kuua uvimbe kwa majuma kadhaa, huku akimeza dawa. Damu iliyokuwa ikimtoka chooni ikakoma, hamu ya nyama ikarudi. Sasa alikuwa Lodwar na mkewe, Nakeno, mbele ya Daktari Ruot, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi. Ruot aliwaonyesha picha mbili za utumbo huo, ya kabla ya matibabu na ya baada yake. Uvimbe uliokuwa kama ngumi ulikuwa umenywea.

"Hii ni ishara mzuri, mzee," Ruot alisema. "Uvimbe ikisikia dawa hivi, watu wengi wanaishi miaka mingi. Lakini lazima tukate."

Lomorukai akacheka. Habari njema ikishapatikana, kisu cha nini tena? Isitoshe, akipasuliwa angevaa kifuko cha kinyesi tumboni kwa miezi, pengine maisha, na yeye ni mtu wa kukaa mbele ya wazee wenzake. Aibu hiyo aliiogopa kuliko kufa. Aliaga kwa adabu, akachukua kigoda chake, akatoka.

Nakeno alimfuata mpaka wakavuka lango la hospitali.

"Baba Ekiru," alisema, "mwaka ule matumbo yalipokuambia wezi hawaji, uliondoa walinzi?"

Hakuwaondoa. Aliwaongeza, maana anajua watu wakihubiriwa amani hulala fofofo. Alichukia kufundishwa kazi yake na mtu asiyejua hata kushika utumbo, akanuna njia nzima hadi Kakuma. Juma lililofuata alirudi mwenyewe, akasema akatwe.

Alipasuliwa Eldoret, na kipande kilichotolewa kikapelekwa kuchunguzwa kwa darubini. Siku ya kupewa majibu Lodwar, Lomorukai alikuwa na uhakika wataambiwa hapakuwa na kitu. Maneno ya kumsuta mkewe alikuwa nayo tayari.

"Karibu uvimbe yote ilikuwa imekufa," Ruot alisema. "Lakini ndani ya ukuta wa utumbo kulikuwa na kidogo bado hai. Tumetoa yote, pembeni pale tulipokata ni safi. Sasa naweza kukuambia bila wasiwasi, una nafasi mzuri sana."

Lomorukai hakuisikia hiyo nafasi. Alikuwa bado anawaza kile kidogo kilicho hai, ambacho nusura aende nacho nyumbani, anywe nacho maziwa, akijiona mzima. Hofu ambayo hakuwa nayo kabla ya kisu ilimjia sasa.

"Nilisoma vibaya," alimwambia mkewe.

Nakeno alikuwa ameishika mikono ya mumewe, akilia.