Linux ya Likoni

Mwinyihaji alipofariki, vitu vyake viligawanywa kama sheria isemavyo. Dadake, Bi Waridi, alichukua redio. Mpwawe akapewa sanduku la bisibisi na koleo. Kompyuta haikutakwa na mtu.

"Hii kaa nayo wewe, wifi," Bi Waridi alimwambia mjane. "Ndiwe uijuaye."

Ni kweli Mwanasaumu alikuwa akiijua. Mumewe, fundi wa umeme wa meli, aliinunua kwa baharia mmoja, na kwa miaka miwili walikuwa wakikaa mbele yake kila baada ya sala ya Alasiri, mmoja kashika kibodi, mwengine kashika kipanya, wakibishana. Mwanasaumu alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu mapema, na ubishi wa aina ile aliupenda kuliko mazungumzo yoyote. Hawakujaliwa watoto. Siku nyingine sauti zao zilifika uani, na wapangaji wakacheka: "Leo bwana na bibi wanagombania panya tena."

Sasa hata wapangaji hawakuwapo. Walikuwa watu wa bara, na baada ya ghasia za Agosti ya mwaka uliopita, zilizowalenga wao, walifunga virago wakaondoka Likoni. Vyumba vyao vilibaki na kufuli. Mwanasaumu alikaa eda ndani ya nyumba hiyo tupu, na alipotoka edani alikuta hana pa kwenda.

Siku moja akaja Erastus. Alikuwa fundi mwenzake marehemu, Mtaita mpole, ambaye naye alihama Likoni baada ya zile ghasia, akaenda kukaa Mkomani na mkewe. Alikaa barazani, akakataa chai mara mbili, akainywa mara ya tatu, kisha akatoa bahasha yenye sidii moja na disketi moja.

"Shemeji, hiki ni kitu tulichopanga na marehemu tukijaribu pamoja. Ni mfumo mpya wa kompyuta. Unaitwa Linux."

"Na ule uliomo?"

"Unautoa, huu unaingia mahali pake. Haugandi ovyo. Na umeandikwa na watu wa nchi nyingi, wengine hata hawajawahi kuonana, kila mmoja na kipande chake, kisha wakaugawa bure."

"Bure? Wao wapata nini?"

Erastus akacheka. "Ndivyo alivyouliza yeye pia."

Mwanasaumu aliinamia kikombe. Tangu msiba, watu walikuwa wakimtaja mumewe kwa kumrehemu tu. Huyu alikuwa wa kwanza kumtaja kama mtu aliyewahi kuuliza swali.

"Mimi nyumbani sina mashine," Erastus alisema akiinuka. "Jaribu wewe. Ukifaulu, shemeji, uje unieleze kila kitu."

Jumamosi Mwanasaumu aliinjika mchuzi mapema, akafunga mlango wa mbele, akaanza. Badala ya yale mawingu aliyozoea kuyaona mashine ikiamka, maandishi meupe yalimiminika kwenye kiwambo cheusi, kisha ukaja ukurasa wa buluu ukiuliza maswali: lugha gani, kibodi ya namna gani, diski igawanywe vipi. Majibu mengine aliyapata kwenye karatasi ya maelezo, mengine alikisia. Halafu likaja onyo kwamba kila kilichomo kwenye diski kitafutwa. Alikijua kilichomo. Ni matangazo machache ya chama cha kuzikana, na ule mchezo wa karata ambao Mwinyihaji alikuwa akiucheza kwa siri, akidhani mkewe hamwoni. Mwanasaumu alitoka, akaenda jikoni, akakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Akarudi, akabonyeza ndiyo.

Kufikia Adhuhuri mfumo ulikuwa umeingia, lakini picha hakuna, ni maandishi tu. Kila alipojaribu kuiwasha, kiwambo kilijaa mistari ya mshazari na kulia kama mbu. Mfumo ulitaka kuambiwa kasi ya kiwambo, kwa tarakimu. Mwanasaumu alikigeuza, akapangusa vumbi mgongoni mwake, akasoma kibandiko. Tarakimu nyingine zilikuwa zimefutika. Hizo akazitafuta kwa hesabu, penseli mkononi, kama alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi ubaoni. Akajaribu, ikawa mistari. Akajaribu tena, ikawa giza. Alasiri ikaadhiniwa. Akasali, akarudi, akabadilisha tarakimu moja.

Picha ikatulia. Kiwambo kilikuwa cha kijivu, safi, na katikati yake palikuwa na alama ndogo ya msalaba ikifuata mkono wake kokote ulikokwenda.

"Eewallah!" alisema, akapiga makofi, akasimama. Kisha hakujua la kufanya na huko kusimama.

Akavaa buibui, akaenda kwa wifi yake, nyumba ya tatu.

"Nimeweka mfumo mpya kwenye kompyuta," alisema. "Peke yangu."

Bi Waridi alikuwa akichambua mchele. "Mashallah. Kwani ule wa kwanza uliharibika?"

"Haukuharibika. Ulikuwa ukiganda tu, mara kwa mara."

"Na huu mpya wafanya nini ambacho ule hauwezi?"

Mwanasaumu alifikiri. "Kwa sasa, haufanyi kitu. Hata kuchapisha bado."

"Basi, wifi yangu," Bi Waridi alisema kwa huruma, akimsogezea ungo, "kaa unisaidie mchele. Upweke ni kitu kibaya, wallahi. Mimi nilipofiwa na bwanangu, nikifua mapazia kila siku."

Mwanasaumu alikaa akachambua mchele. Hakuudhika, kwa maana yote aliyoambiwa yalikuwa kweli. Lakini ile tarakimu moja ilikuwa imemkaa kooni, na aliporudi kwake alisimama kwa Nyevu, jirani aliyekuwa akikaanga viazi kando ya njia, akamweleza na yeye.

"Hongera, mama," Nyevu alisema. "Sasa itashika mpira, kama televisheni?"

"Haishiki."

"Ah," Nyevu alisema, akageuza viazi.

Jumapili ile Mwanasaumu akavuka feri, akaenda Mkomani.

Aliyefungua mlango alikuwa Jael, mke wa Erastus, bado na nguo za kanisani. "Karibu, dada," alisema, na macho yake yakatazama nyuma ya mgeni, kuona kama amekuja na mtu. Erastus akatokea ndani.

"Umeingia!" Mwanasaumu alimwambia kabla hajaketi. "Umeingia, na picha imeshika."

"Picha pia? Kwenye kiwambo kile kikuukuu? Kasi yake uliipataje?"

"Kibandiko kimefutika nusu. Nimepiga hesabu."

"Umepiga hesabu!" Erastus alivuta kiti. Mwanasaumu akamweleza ile mistari, na giza, na ile tarakimu moja. Erastus aliuliza, naye akamjibu kabla swali halijaisha. Erastus akasema angeanza na tarakimu kubwa, ashuke. Mwanasaumu akasema angeunguza kiwambo. Erastus akasema hakiungui. Mwanasaumu akasema, "Chaungua, soma karatasi yako mwenyewe!" na akasikia sauti yake imepanda, ile sauti aliyokuwa hajaisikia tangu msiba. Akacheka. Erastus naye akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja.

Kisha akaacha kucheka. Jael alikuwa amesimama na sinia la maji ya ukwaju, na alikuwa amesimama hapo kwa muda.

"Endeleeni," Jael alisema.

Hawakuweza kuendelea. "Vizuri, shemeji, vizuri sana," Erastus alisema, akitazama glasi yake. Wakazungumza habari za joto. Mwanasaumu akamaliza kinywaji, akaaga.

Jael alimsindikiza mpaka stejini. Walipoiona barabara kuu, alipunguza mwendo.

"Dada, usinielewe vibaya," Jael alisema. "Nilikuja matangani kwako. Tulilia pamoja."

"Najua, Mama Justus."

"Mimi hivyo vitu sijavisoma. Akianza kunielezea, nasinzia. Leo nimemwona akicheka vile hajacheka kwangu mwaka mzima." Akaweka sawa kitambaa cha kichwa. "Ukiwa na shida yoyote, niambie mimi. Nitamfikishia."

Mwanasaumu alitaka kusema kwamba ilikuwa kompyuta tu. Lakini haikuwa kompyuta tu, na wala haikuwa lile alilokuwa akiliogopa Jael. Kilichokuwa katikati ya mambo hayo mawili yeye mwenyewe hakukijua jina, na hata angelijua, halikuwa jina la kumtajia mke wa mtu kando ya barabara.

"Nimefahamu," alisema. Akafungua mkoba, akatoa ile bahasha. "Mrudishie sidii yake. Mwambie ahsante, nimemaliza nayo."

Hakuwa amemaliza nayo. Sauti ya kompyuta ilikuwa bado, printa ilikuwa bado.

Jael aliipokea kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, dada," alisema, naye alisema kwa moyo, ameinamisha macho. Gari likaja, Mwanasaumu akapanda.

Wiki zilizofuata aliyasoma maelezo yaliyokuja ndani ya mfumo wenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kwa Kiingereza kigumu cha watu waliokuwa wakiandikiana wao kwa wao. Printa ikakubali. Akachapisha tangazo la chama cha kuzikana, na wanawake wa chama wakasifu karatasi ilivyotoka safi. Hakuna aliyeuliza imetokaje. Sauti aliihangaikia mpaka akaiacha, kwani alilohitaji lilikuwa kwenye ile sidii.

Ramadhani ilipoingia, alipita mtu wa kazini kwa marehemu na salamu.

"Erastus akusalimu sana. Auliza yale mambo yaendeleaje."

"Mwambie yaenda vyema," Mwanasaumu alisema. "Na unisalimie mkewe."

Mwanasaumu alimtakia safari njema, akafunga mlango.

Siku hizo alikuwa akijifunza kuandika programu yake mwenyewe, ndogo, ya kukokotoa nyakati za sala kwa kufuata jua la Likoni. Alfajiri iliitoa sawa, na Adhuhuri sawa. Magharibi ilikuwa ikiikosea kwa dakika chache, na hakujua kwa nini. Aliufungua mlango wa chumba cha kompyuta, akavuta kiti, akaanza kuisoma tena tangu mstari wa kwanza.