Shamba Safi la Ombui

Boito nzima hakukuwa na shamba safi kama la Ombui. Majirani wakipogoa michai yao, huacha matawi chini yaoze. Ombui, thubutu! Aliyakusanya yote, akayafunga mizigo mizigo nyuma ya jiko yawe kuni, kisha akafagia kati ya mistari kana kwamba anangoja wageni wa harusi.

Safari hii, baada ya kupogoa, jua lilikuwa kali, na michai yake ikakataa kuchipuka. Majirani walishaanza kuchuma. Yeye alibaki na vijiti. Roho ilimuuma sana, kwa maana michai hiyo ilipandwa na marehemu baba yake alipohamia kutoka Kisii. Mwishowe akakata shauri: Jumatatu Wambugu, msimamizi wa vibarua, aje na vijana wake waing'oe, ili yeye apande mikaratusi.

Jumamosi binti yake Nyabate alikuja na wenzake wa klabu ya jiografia shuleni, akafungua kompyuta mezani.

"Baba, hii picha imepigwa na setilaiti. Inaonyesha vile ardhi iko moto. Kijani ni baridi, nyekundu ni moto."

Vilima vyote vilikuwa kijani, isipokuwa doa moja jekundu penye kona ya kijito. Ombui alilitambua mara moja. Lilikuwa lake.

"Hiyo mashine imeharibika," alisema. "Shamba yangu ndiyo safi kuliko zote."

Nyabate alimpa kipimajoto apime mwenyewe. Ombui alikichomeka kwenye udongo wake, kisha akavuka ua, akakichomeka chini ya matawi yaliyooza ya jirani yake Johana. Akarudia, akiomba kimoyomoyo kibadilike. Wake ulikuwa moto kabisa. Wa Johana ulikuwa baridi na unyevu.

"Hakuna kitu imefunika mchanga, Baba. Jua inachoma mizizi. Lakini nimechimbua nikaangalia, bado iko hai."

Ombui alimtazama. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuchuma majani mawili na chipukizi, leo amelisoma shamba lao kutoka angani! Aliona haya, lakini fahari ilizidi haya.

Jumatatu Wambugu alipofika na vijana na majembe, alimkuta Ombui na mzigo wa kuni mgongoni, akitandaza matawi kati ya michai, huku mkewe Mongina akimuuliza atapikia nini.

"Mzee, na ule usafi wako?" Wambugu aliuliza.

"Achana na usafi. Binti yangu amesema hii michai iko hai." Akamtwika Wambugu mzigo. "Shika, nisaidie kuchafua."