Pembe ya Pelageya

Tsiuri aliandaa meza kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwa mgeni.

Pelageya alikuja kwa treni kutoka kaskazini ya mbali, kule serikali ya Moscow ilikomtupa Revaz miaka sita kwa kuandika historia ya Georgia kama ilivyokuwa. Revaz, mume wa Tsiuri, wakati ule alikuwa msomi tu. Sasa ni mbunge, kachaguliwa juzi katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na Jumatatu anahamia Tbilisi.

"Wewe baki kwanza, umwangalie mama na mizabibu," alimwambia mkewe.

Baki. Neno hilo Tsiuri alikwisha kulila miaka sita.

Na sasa huyu, mwanamke wa mikono minene, anacheka na Revaz kwa Kirusi, wakitaja watu na mbwa ambao Tsiuri hawajui.

"Unazikumbuka zile buti za sufu?" Revaz aliuliza.

"Si uliziunguza kwenye jiko langu, mjinga wewe!"

Mjinga wewe! Tsiuri mwenyewe hajawahi kumwita hivyo mbele za watu. Akaukata mkate wa jibini kama anachinja.

"Shemeji, mkate umekukosea nini?" jirani yao Guram alimtania.

"Kula, Guram. Mdomo wako unapendeza ukiwa na kazi."

Mzee Otia, msimamizi wa karamu, akainuka, akanywa kwa heshima ya wote waliomshika mkono mfungwa. Revaz akaijaza divai ile pembe kubwa ya ng'ombe inayonywewa kwenye karamu. Tsiuri alikwisha kujifuta mikono kwenye aproni, tayari kuipokea. Pembe ikampita, ikaenda kwa Pelageya.

Aliyepewa pembe huongeza maneno yake kwanza, ndipo anywe. Pelageya hakujua. Aliigida yote, akajifuta mdomo, akakaa.

Watu wakatazamana.

"Kanywa kama ng'ombe kisimani!" Guram alisema, na meza nzima ikacheka.

Shingo ya Pelageya ikawa nyekundu. Akamtazama Revaz, naye Revaz akatazama kitambaa cha meza. Mtu ambaye hakuwainamia wapelelezi, leo anaogopa kicheko cha wapiga kura wake.

Kicheko kile kilimkolea Tsiuri kama asali, na angeweza kukiacha kiendelee. Lakini alienda akaichukua pembe, akaijaza.

"Mgeni kaniachia maneno mimi," alisema. "Huyu dada alimpa buti. Mimi nilikuwa nafunga vifurushi vya kumpelekea kifungoni, vinarudishwa, na yeye anamwona akila. Namwonea wivu, sifichi. Basi tunywe kwa ajili yetu wawili. Na tunywe kwa safari yangu, maana Jumatatu na mimi nakwenda Tbilisi. Mizabibu ataiangalia Guram, ana nguvu za kucheka."

"Mwenda na aende!" mama mkwe alipaza sauti kutoka pembeni. "Mimi si mtoto wa kuangaliwa."

Mzee Otia akasimama na kikombe chake. Msimamizi akisimama, hakuna wa kubaki amekaa, na kilichonywewa na wote hakirudishwi. Revaz alisimama wa mwisho. Kabla ya kunywa alimtupia Pelageya jicho, haraka, kama anayeomba ruhusa. Pelageya akaitikia kwa kichwa.

Tsiuri aliliona.

Alimjazia mumewe kikombe mpaka ukingoni, akasimama ubavuni pake, hakuondoka mpaka tone la mwisho lilipoisha.