Uzuri Uliopanda Treni

Saa kumi kamili king'ora cha kiwanda kililia, na Emérance akamimina chai vikombe viwili. Mumewe, Séraphin, alifika barazani, akafuta buti, akaketi. Alikuwa amefia kwenye tanuru mwaka 1967, miaka miwili nyuma, lakini mtu aliyezoea zamu haiachi kwa jambo moja tu. Majirani walimsalimu kama kawaida.

Jambo hilo lilimfaa Emérance. Nyumba za kambi ya kiwanda ni za wafanyakazi, na mjane hupewa mwezi mmoja ahame. Kila mkuu wa kambi alipokuja kukagua, alimkuta Séraphin anakunywa chai, akaandika daftarini: yupo.

Kisha akaja Alexis kutoka Kinshasa, akiandika kitabu cha miji mizuri ya nchi. Likasi, mji wetu wa shaba, haikuwemo kwenye orodha yake. Alikuwa anakwenda Lubumbashi, treni ikaharibika, akashuka amenuna. Siku ya pili akaanza kuona uzuri wake, na treni ilipotengenezwa akakataa kupanda. Aliandika kwamba mijakaranda ya barabara ya stesheni inapendeza. Asubuhi maua yote yalikuwa juu ya mabehewa, yamefungwa kamba pamoja na shaba, yakaondoka. Akaandika harufu ya mkate wa alfajiri. Nayo ikapakiwa. Hakuna aliyeshangaa. Wenzetu husema kizuri chajiuza. Huku Likasi kizuri hakijiuzi, kinabebwa tu.

Basi watu wakaanza kuuponda mji wao mbele ya mgeni. Emérance alianika mablanketi yaliyochakaa barazani kote. Haikusaidia. Alexis alipita king'ora kikilia, akamwona Séraphin akifuta buti.

"Mama, huyu nani?"

"Bwana yangu. Alikufaka. Iko natoka ku kazi."

"C'est beau, ni vizuri sana," alisema Alexis, macho yamemlowa. Akatoa kalamu.

Emérance akamshika mkono. "Usiandike, baba. Huku iko mubaya tu. Angalia hata mablanketi."

"Mais mama, juu ya nini unaficha kizuri hivi?"

Akaandika. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo panapoudhi.

Kesho yake king'ora kililia. Chai ya kikombe cha pili ikapoa. Emérance akaimwaga, akamimina nyingine, nayo ikapoa. Ijumaa mkuu wa kambi alitazama kiti, akaandika: hayupo.

Mwezi ulipokwisha, siku ya kuhama, kitabu kikaletwa kwa posta, pamoja na salamu za Alexis. Likasi ilipata ukurasa mmoja. Séraphin alikuwa humo, anafuta buti mlangoni. Emérance akamwambia aingie, chai iko tayari. Aliendelea kufuta.

Mkuu wa kambi akauangalia ukurasa huo kwa muda, kofia mkononi.

"Bwana yako iko muzuri kabisa, mama," alisema.

Kisha akaomba ufunguo.