Kumi Kasorobo, Changamwe

Mvua za Mei 1946 zilipokatika, Ngowa alipanda ngazi akaifungua saa ya barabarani pale Changamwe, mkabala na geti la bohari la sukari. Aliosha magurudumu yake kwa mafuta ya taa, kisha akayalainisha kwa unyoya wa kuku uliochovywa mafuta, kama babake alivyomfunza. Saa hiyo ilikufa miaka mitatu nyuma, siku magunia yalipomwangukia mdogo wake, Chengo. Mishale ilisimama kwenye saa kumi kasorobo. Kitabu cha bohari kilisema Chengo alikufa magharibi, kazi imeshafungwa, akiiba sukari.

Mjane wake, Kafedha, aliuza viazi vya kuchemsha chini ya nguzo ya saa. Wateja walimwita mke wa mwizi, tena kwa upole, kama jina alilopewa na wazazi.

"Shemeji, itatembea?"

"Itatembea."

Ikatembea. Ilipofika kumi kasorobo ikasimama. Chengo akatoka getini, vumbi la magunia kichwani. Askari akampekua mifuko kama awapekuavyo wapagazi wote, asipate kitu, akampisha. Chengo akavuka barabara, akachuchumaa kando ya mkewe.

"Umekonda," Kafedha akasema, akimpa maji kwa kata.

"Nawe viazi vyako bado chumvi tele."

Akanywa, akarudi kazini. Saa ikaendelea.

Ngowa akamwendea karani wa bohari, Gershom, dirishani pake.

"Karani, umemwona?"

"Nimemwona. Viatu vimemwisha."

"Na saa umeiona. Kazi ilikuwa haijafungwa. Basi lifute lile neno la wizi."

"Ah, fundi! Kitabu cha mwaka ule kilishapelekwa Kilindini, kimepigwa lakiri."

Gershom akafungua kitabu kipya, akaandika: *Saa imetengenezwa. Inachelewa kidogo.*

Ngowa aliifungua tena mara tatu, hata kamani, ile springi inayoiendesha, akaibadilisha. Haikuwa na kasoro. Mwishowe bwana mkubwa akaamuru wapagazi wasifunge kazi mpaka saa igonge kumi, hata ikichelewa. Wakangoja, wakilalamikia jua.

Tangu hapo askari humpekua Chengo kila siku. Hajapata hata chembe ya sukari. Nao wateja, saa ikikaribia kusimama, huharakisha:

"Mke wa mwizi, nipe viwili upesi, mumeo hajatoka."

Kafedha huwapa. Kisha huisuuza kata.